Kihispania: kwa nini "creo que" inakataa subhuntivo na "no creo que" inaidai?

TandalaMdogo (Iringa)

Kamwene wakuu. Naomba msaada kwa wanaokijua Kihispania, hasa waliokisoma kwa undani, maana kitabu nilicho nacho kinalieleza jambo hili kwa mistari michache kisha kinakimbilia mazoezi.

Mimi naongoza wageni Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wageni wengi ni wa Kiingereza, lakini wapo wanaotoka Hispania, Mexico na Argentina, na hao nimeamua kuwasemesha kwa lugha yao. Salamu, majina ya wanyama, habari za mibuyu, habari za Mto Ruaha Mkuu ambao tangu 1993 unafika mahali unaacha kutiririka kiangazi, hayo nayaeleza vizuri na wananielewa. Ninapokwama ni kwenye kusema kwamba sina uhakika.

Na kazi yetu ndiyo hiyo hasa. Kutwa mgeni anauliza mambo yasiyo na jibu la moja kwa moja. Tutaona simba leo? Yule kivulini ni chui au duma? Mbwa mwitu wamepita hapa? Mvua itanyesha? Kwa Kiswahili najua kupima maneno. "Tutaona", "huenda tukaona" na "sidhani kama tutaona" ni ahadi tatu tofauti, na mtu aliyesafiri kutoka mbali ana haki ya kujua nimempa ipi. Nikimwambia tutaona halafu jua likazama hatujaona, nimemdanganya. Nikimwambia hatutaona, nimemvunja moyo saa kumi na mbili asubuhi kabla hata gari halijawashwa.

Kitabu kinasema: penye shaka, tumia subhuntivo. (Naiandika inavyotamkwa. Ni umbo jingine la kitenzi, tofauti na indikativo, lile la kawaida la kutoa habari.) Sawa. Sasa hizi zimekaaje?

Creo que hay leones cerca del río. Nadhani kuna simba karibu na mto. Hapo ni hay, indikativo.

No creo que haya leones cerca del río. Sidhani kama kuna simba karibu na mto. Hapo ni haya, subhuntivo.

A lo mejor hay leones. Labda kuna simba. Indikativo tena.

Quizás hay leones, na pia quizás haya leones. Zote mbili nimeambiwa ni sahihi.

No sé si hay leones. Sijui kama kuna simba. Indikativo.

Katika sentensi zote hizi mimi sina uhakika! Hata creo que ni shaka, kwa sababu ningekuwa na hakika ningesema hay leones basi. Na no sé si ndiyo shaka yenyewe, sijui lolote. Mbona hiyo isichukue subhuntivo kabla ya nyingine zote? Kama ni kukariri orodha nitakariri, lakini porini hakuna muda wa kufungua orodha kichwani. Ningependa kuelewa kinachotokea.

Binti_Kihesa

Kaka, mimi niko mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Iringa mjini, na Kihispania changu nimekipata kwa kusikiliza tu. Nakupa njia ya mkato. Tumia a lo mejor kila mahali. Kitenzi kinabaki cha kawaida: a lo mejor llueve (labda itanyesha), a lo mejor vemos leones (labda tutaona simba), a lo mejor mañana hay luz (labda kesho umeme utakuwepo). Wageni wanaelewa, na hawajawahi kunikunjia uso. Wale wa Hispania kwenyewe nawasikia pia wakitumia igual kwa maana hiyohiyo, igual llueve, na nayo haina subhuntivo. Ukishazoea ndipo uongeze mengine.

TandalaMdogo (Iringa)

Asante dada, hiyo nimeichukua na kesho inaanza kazi. Ila a lo mejor inaegemea upande wa "wapo". Inamtia mgeni matumaini. Mimi nahitaji pia kusema "sioni dalili" bila kufunga mlango kabisa, na hapo siwezi kukwepa no creo que na dudo que (nina shaka kama). Halafu wao wenyewe wakizungumza wanazitumia, na mimi lazima nielewe wanachosema.

Mzee_wa_Uyole

Kamwene mwanangu. Huku kwetu tungesema ugonile, lakini salamu imefika.

Mimi Kihispania nilikikuta Cuba, miaka ya 1980, nilikokwenda kusomea kilimo. Tulianza na lugha kabla ya kushika kitabu chochote cha udongo na mbolea. Nimestaafu, wanangu hawana habari nacho, kwa hiyo swali lako limenipa raha kubwa na utanivumilia nikirefusha.

Umeona kitu ambacho vitabu vingi vya kuanzia vinakifunika. Kanuni ya "penye shaka" haitoshi. Kama shaka peke yake ndiyo ingeleta subhuntivo, basi creo que, supongo que (nakisia kwamba), me imagino que (nahisi kwamba), a lo mejor na no sé si zote zingeichukua. Hazichukui. Kwa hiyo acha kupima una uhakika kiasi gani moyoni. Jiulize jambo lingine: haya maneno yanayofuata baada ya que, nayatoa kama taarifa yangu, au siyatoi?

Fikiria barua ya kijijini. Yenye muhuri wa mwenyekiti ni taarifa yake, amesimama nyuma yake, hata kama ndani ameandika "kwa jinsi ninavyofahamu". Isiyo na muhuri itasomwa na kujadiliwa, ila hakuna aliyeikubali kuwa yake. Indikativo ni huo muhuri.

Ukisema creo que hay leones cerca del río, unatoa taarifa kwamba simba wapo. Umeipunguza nguvu kwa kusema ni kwa kudhani kwako, lakini umeitoa, na mgeni atageuza darubini kuelekea mtoni kwa neno lako. Ukisema no creo que haya leones, habari ya simba kuwepo umeitaja ili uikatae. Hujaitoa. Huna muhuri wa kuigongea, ndiyo maana kitenzi kinabadilika. Vivyo hivyo dudo que haya (nina shaka), no me parece que haya (sioni kama), no estoy seguro de que haya (sina hakika), niego que haya (nakana), no es verdad que haya (si kweli).

Sasa angalia es posible que na puede que. Nazo ni subhuntivo siku zote: puede que haya leones, es posible que veamos un leopardo. Unaliweka jambo kama linalowezekana, hujasema liko. Na hapa ndipo utaona kwamba kiasi cha uhakika hakihusiki. Es probable que ni "kuna uwezekano mkubwa". Unaweza kuwa umeshaona tai wanazunguka, umesikia redioni, unaamini kabisa kwamba windo liko nyuma ya kile kichuguu, na bado utasema es probable que estén allí, subhuntivo. Wakati huohuo mtu aliyekisia tu bila dalili yoyote atasema creo que están allí, indikativo. Wa kwanza anajua zaidi ya wa pili. Tofauti ni kwamba wa pili ametoa taarifa, wa kwanza amepima uwezekano.

No sé si inakusumbua kwa sababu ni shaka tupu. Lakini ndani yake kuna swali zima, ¿hay leones?, limeingizwa kwa si, na kitenzi chake kinabaki kama kilivyokuwa kwenye swali. Ndiyo kawaida. Ukipata mgeni wa Mexico unaweza kumsikia akisema no sé si sea verdad (sijui kama ni kweli). Kwao inasemwa, usimsahihishe, ila wewe baki na indikativo na hakuna atakayekushangaa popote.

A lo mejor aliyokupa Binti wa Kihesa ni fungu la maneno linalokaa mbele ya sentensi kama "labda" yetu. Haina que. Kitenzi kinachofuata ndicho kitenzi kikuu, na kitenzi kikuu cha kutoa habari ni indikativo. Puede que, kwa upande wake, ni kitenzi na que yake, na kinachofuata kinaning'inia chini yake. Kwa macho ya Mswahili zote mbili ni "labda", kumbe zimejengwa tofauti kabisa.

Quizás na tal vez zinakuachia uchague, na hapo ndipo lugha inapokuwa tamu. Quizás hay leones: unaelekea kuamini kwamba wapo. Quizás haya leones: umejiweka mbali kidogo. Sentensi ni ileile, umebadilisha herufi chache, na mgeni makini amekusikia. Ila uhuru huo unao tu kama quizás imetangulia kitenzi. Ikija nyuma, ni indikativo peke yake: hay leones, quizás. Probablemente na posiblemente nazo zinafuata njia hiyohiyo.

Jambo moja zaidi kabla sijachoka. Kukanusha kunageuza mambo pande zote mbili. Creo que inapokanushwa inapoteza muhuri. Dudo que inapokanushwa mara nyingi inaupata: no hay duda de que es un leopardo, hakuna shaka kwamba ni chui. Lakini amri ya kukanusha haimo humo. No crea que el río está seco todo el año, "usidhani mto huu ni mkavu mwaka mzima", inabaki na está. Pale huoneshi shaka yako, unamzuia mwenzako asidhani.

MauaYaKitulo (Mbeya)

Shikamoo mzee. Hii ya muhuri nimeielewa kuliko yote niliyowahi kusoma.

Mimi napeleka wageni Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu na Kitulo, na nina mawili ya kuongeza kwa TandalaMdogo kwa sababu naona yatamfikia.

La kwanza ni hiyo "kama" yetu. Sisi tunasema sidhani kama, sina hakika kama, nina shaka kama, sijui kama. "Kama" moja inabeba yote. Kwa hiyo ulimi unataka kusema no creo si, na hiyo Kihispania hakina. Ni no creo que. Si inakaa na no sé. Ukilishika hilo, nusu ya sentensi zako za mashaka zimepona kabla hujafikiria kitenzi.

La pili ni nyakati. Kihispania cha leo hakina subhuntivo ya wakati ujao. Ilikuwepo, imebaki kwenye lugha ya sheria na methali za zamani. Kwa hiyo no creo que llueva ni "sidhani kama inanyesha" na pia "sidhani kama itanyesha". Unaongeza tu mañana au esta tarde, na mtu anaelewa. Mimi hii natumia karibu kila safari, maana ukungu wa Kitulo huwezi kuutabiri. Puede que haya niebla arriba, huenda juu kuna ukungu. Na mgeni akiniuliza kama tutakuta maua mwezi wa nane, namwambia ukweli, dudo que haya muchas flores en agosto, kwa sababu maua yanajaa kuanzia Desemba mpaka Machi au Aprili, mvua zikiwa zimeshika. Wengine wanabadilisha tarehe zao kwa sababu ya sentensi hiyo moja, na naona ni bora hivyo kuliko kumpandisha mtu mpaka mita 2,600 aje kuona nyasi kavu akiwa amesoma kwamba pale panaitwa Bustani ya Mungu.

Kwa jambo lililokwisha kutokea unatumia haya, hayas, hayan pamoja na neno la pili: no creo que hayan cruzado el río, sidhani kama wamevuka mto. Kwa mtu wa nyayo kama wewe hiyo ndiyo mkate wa kila siku. Ukikuta alama mchangani, puede que haya pasado por aquí esta mañana, huenda amepita hapa asubuhi hii.

Swali langu kwa mzee: hivi Kiswahili hakina kabisa subhuntivo ya mashaka? Tuna "aje", "asome", "waende", lakini hiyo ni ya kutaka na kuamuru. Nataka aje ni quiero que venga, zinalingana kabisa. Kwenye shaka tunasema "sidhani kama atakuja", na hakuna kinachobadilika.

Mzee_wa_Uyole

Marahaba binti.

Kwa "sidhani kama atakuja" umesema kweli, pale kitenzi chetu hakitikisiki. Lakini hebu sema kwa Kiswahili kwamba kuna uwezekano mtu asifike. Utasema "huenda asije". "Inawezekana asije." Hiyo asije ina -e mwishoni, ni ileile ya "nataka asije". Na kwa upande wa kuyakinisha unasema "huenda akaja", "inawezekana akaja". Hatukusema "huenda anakuja" kama mtu anayetoa habari ya jambo analoliona barabarani. Kiswahili nacho kinajua kuacha muhuri pembeni, ila kinafanya hivyo mahali pachache kuliko Kihispania.

Basi tumieni hapo kama daraja. Ulimi wako ukienda wenyewe kwenye "huenda akaja" au "huenda asije", Kihispania ni puede que venga, puede que no venga. Ukienda kwenye "labda atakuja", ni a lo mejor viene. Kwenye "sidhani kama" hakuna daraja, hapo lazima ujifunze upya.

Na kuna bahati nyingine ambayo wenzetu wengine hawana. Habla inakuwa hable. Soma inakuwa asome. Vitenzi vya -ar vinabadilisha a kuwa e kama sisi tunavyofanya, na hata Kinyakyusa na Kihehe vina -e hiyo. Nilipofika Cuba sehemu hiyo haikunichukua muda. Kinachotaka juhudi ni vile vya -er na -ir, maana vinakwenda kinyume: come inakuwa coma, vive inakuwa viva. Sikio la Mbantu linasikia -a mwishoni na kudhani ni hali ya kawaida, kumbe ndiyo yenyewe.

Namna ya kukitengeneza: anza na umbo la mimi, la sasa. Tengo, toa o, weka a, unapata tenga. Veo inakupa vea. Salgo, salga. Conozco, conozca. Vitenzi visivyofuata njia hii ni sita tu, na ni rahisi kuvitambua kwa sababu umbo lake la mimi haliishii kwa o: soy, estoy, voy, he, sé, doy. Maumbo yake ni sea, esté, vaya, haya, sepa, dé. Hivyo sita kariri, hapo sikuhurumii, kwa kuwa ndivyo utakavyotumia kuliko vyote. Haya, sea na esté peke yake zitakumalizia siku nzima Ruaha.

Nikiwa hapo, kuna ojalá. Ni ya matumaini, si ya shaka, na inachukua subhuntivo daima: ojalá veamos leones, natumaini tutaona simba. Imetoka kwenye Kiarabu, kwa maana ya "Mungu angependa", tangu Waarabu walipotawala sehemu kubwa ya Hispania. Sisi tulichukua inshallah kutoka Kiarabu upande wa pwani, wao wakachukua ojalá upande wao. Mgeni akikuuliza jambo ambalo huwezi kulijua, ojalá ni jibu zuri na la heshima. Linamwambia kwamba unataka anachokitaka yeye.

TandalaMdogo (Iringa)

Shikamoo mzee, na asante sana dada zangu wawili. Nimekaa jana jioni nikatunga sentensi za kazini kwangu. Naomba zipitiwe kabla sijazipeleka kwa watu.

Creo que es un leopardo, pero no creo que baje del árbol ahora. (Nadhani ni chui, ila sidhani kama atashuka mtini sasa.)

Es probable que vemos elefantes en el río Mwagusi. (Kuna uwezekano mkubwa tutaona tembo Mto Mwagusi.)

A lo mejor haya agua debajo de la arena. (Labda kuna maji chini ya mchanga.)

Puede que los perros salvajes hayan pasado por aquí anoche. (Huenda mbwa mwitu wamepita hapa usiku uliopita.)

No estoy seguro de que sea un kudú menor. Quizás es una hembra de kudú mayor. (Sina hakika kama ni tandala mdogo. Labda ni tandala mkubwa jike.)

No creo que puedo cruzar con este carro. (Sidhani kama naweza kuvuka na gari hili.)

Hiyo ya tandala naipenda kuliko zote. Ruaha wapo wote wawili, mkubwa na mdogo, na majike kwa mbali ukiwaona wamesimama kichakani lazima upime maneno.

Mzee_wa_Uyole

Marahaba. Ya kwanza iko sawasawa, na nimefurahi umeweka muhuri nusu ya kwanza ukautoa nusu ya pili.

Ya pili, umeshikwa na hisia kwamba tembo una uhakika nao. Mto wa mchanga ule, kiangazi, tembo wanachimba maji, utawakosaje. Lakini es probable que haikuulizi uhakika. Es probable que veamos elefantes. Ukitaka kuwa na vemos au vamos a ver, sema seguro que vamos a ver elefantes, hakika tutaona tembo. Seguro que ni indikativo.

Ya tatu ni kinyume chake. A lo mejor hay agua. Jifundishe kuzisema kwa jozi mpaka zikae: a lo mejor hay, puede que haya.

Ya nne, wengine wataipokea hivyohivyo. Ila kwa sababu ya anoche, usiku uliopita, jambo limekatika na siku nyingine imeanza, inakaa vizuri zaidi na puede que pasaran por aquí anoche. Ukisema esta mañana, hayan pasado iko mahali pake. Utakutana pia na pasasen, maana yake ni ileile, utaisikia zaidi kwa watu wa Hispania. Wewe sema pasaran.

Ya tano usiiguse. No estoy seguro de que sea, kisha quizás es. Umesema unaelekea kuamini ni tandala mkubwa jike, na sarufi yako imesema hivyo pia.

Ya sita, baada ya que ni pueda. Lakini kwa kuwa anayedhani ni wewe na anayevuka ni wewe, una njia fupi na safi: no creo poder cruzar. Mtendaji akiwa mmoja, que inaondoka na kitenzi kinabaki kizima. Na carro ni kwa wa nchi nyingi za Amerika ya Kilatini. Kwa wa Hispania sema coche, la sivyo ataelewa lakini atafikiria mkokoteni kwanza.

Binti_Kihesa

Mzee shikamoo. Mimi nauliza la haraka haraka. Mgeni akiniuliza ¿crees que va a llover? (unadhani itanyesha?), sitaki kurudia sentensi nzima. Najibuje kwa neno moja au mawili bila kuharibu? Na kuna siku mmoja alisema ¿crees que llueva?, nikabaki najiuliza kama alikosea.

MauaYaKitulo (Mbeya)

Hakukosea dada. Kwenye swali Wamexico wengi wanasema hivyo, anauliza akiwa na shaka tayari. Wa Hispania kwa kawaida atakuuliza va a llover au lloverá. Jibu lako halibadiliki.

Majibu mafupi hayana kitenzi cha pili, kwa hiyo hayana subhuntivo ya kuhangaika nayo. Creo que sí, nadhani ndiyo. Puede que sí, huenda ikawa hivyo. Puede que no, huenda isiwe. No creo, sidhani. Creo que no ina uzito zaidi kidogo ya no creo, kwa sababu pale umetoa taarifa kwamba haitanyesha. Na kama hali ya hewa iko wazi kabisa na mgeni ndiye anayeng'ang'ania koti la mvua mwezi wa saba, lo dudo, nina shaka, inatosha.

Binti_Kihesa

Puede que sí na puede que no nimezibandika pale mezani karibu na simu. Leo kuna kundi linatoka Dodoma, wanaingia saa kumi.